Marehemu kwa Herufi za Katuni

Mwandishi wa makala haya hajathubutu kufungua gurupu la WhatsApp la ukoo wake tangu Jumamosi. Simu inalia kila baada ya dakika chache, na anajua wazi kwamba hizo si pole. Pole ziliisha Ijumaa. Kinachojadiliwa sasa ni programu ya mazishi: kijitabu cha karatasi ya kung'aa chenye picha ya rangi ya marehemu akiwa na suti na tai, uso mkavu, macho yanamtazama mpiga picha kana kwamba hajamaliza kazi ya ziada. Chini ya uso huo, kwa herufi nene za mviringo zisizosimama wima hata moja, waombolezaji wanaalikwa kuadhimisha maisha ya mwalimu mkuu mstaafu. Ni herufi zile zile ambazo shule za chekechea hutumia kuwakumbusha wazazi walete kreyoni na karatasi za chooni.

Fonti hiyo inaitwa Comic Sans. Marehemu angeichapa viboko.

Na hapo ndipo uchungu ulipo. Marehemu, baba mkubwa wa mwandishi, alifundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa mwandiko. Alikuwa na chaki yake mwenyewe, iliyochongwa ubavu ili mstari wa kwenda chini uwe mnene na wa kupanda uwe mwembamba. Herufi iliyovuka mstari ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa kiganjani. Wanafunzi wake wa zamani walijaa chini ya tenti siku ya mazishi: makarani wa kaunti, wauza miraa, walimu, daktari mmoja. Wote waliikunjua programu kwa wakati mmoja. Kikapita kimya. Kisha kutoka viti vya nyuma, vile vya plastiki vyeupe vinavyozama kwenye tope la mteremko wa Mlima Kenya, mtu akaguna kicheko na kukigeuza haraka kuwa kikohozi. Muda si mrefu tenti nzima ilikuwa na mafua.

Mzee mmoja wa kamati aliishika programu mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza. "Mwalimu," akamwita mwandishi, maana kijijini kila anayeshika kalamu ni mwalimu, "hii kadi ya birthday ni ya nani?"

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni la shangazi mkubwa, dada ya marehemu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta na haoni sababu ya kuanza sasa. Alipitisha kidole juu ya maneno polepole, kwa huruma ya kweli, kisha akauliza mbele ya safu mbili za wageni: "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, shangazi. Nilipewa kazi hiyo na kamati."

"Kwa mkono wako?"

Mwandishi akajaribu kueleza. Kwamba si mkono. Kwamba ni kompyuta. Kwamba kuna mtu Marekani aliyechora herufi hizi ili zifanane na mkono, na kwamba huyo mtu si yeye. Shangazi akasikiliza yote, akamshika bega, akawageukia wageni na kuwaambia kwa sauti ya kumtetea kwamba mtoto huyu mkono wake haukuwa mzuri tangu utotoni, na marehemu alijitahidi sana naye, ila Mungu hampi kila mtu kila kitu.

Mshereheshaji alikuwa na maikrofoni. Alisikia. Habari hiyo ikawafikia hata waliokuwa jikoni wakipakua mukimo.

Ilivyotokea ni hadithi ya Gakoromone, na Gakoromone haina subira. Soko hilo la mji wa Meru huamka kabla ya jua: malori ya viazi na ndizi yanashusha, mikokoteni inadai njia, makondakta wanaita abiria wa Nkubu na wa Maua kwa pamoja. Pembeni mwa kelele hizo, ngazi chache juu, kuna saiba ambazo hufanya kila kitu ambacho serikali ilihamishia mtandaoni: eCitizen, PIN ya KRA, mikopo ya HELB; na juu yake picha za pasipoti na, bila shaka, programu za mazishi. Mwandishi alifika na flashi yake. Ndani ya flashi kulikuwa na faili ya Word aliyoipanga nyumbani kwa utulivu, kwa fonti ya mwandiko wa kalamu ya zamani, yenye mistari minene na myembamba, iliyochaguliwa kwa heshima ya chaki ile iliyochongwa ubavu. Faili ikafunguliwa. Kijana wa saiba akaitazama, akasema imekaa poa, akabonyeza kuprinti. Mwandishi alikuwa mlangoni akizungumza na mtu wa jeneza kwa simu. Alipogeuka, mashine ilikuwa imeshatema mafungu.

"Hii fonti siyo yangu," alisema.

"Imejichagua yenyewe, boss."

Watu husikia jibu kama hilo wakadhani ni utani. Kijana alikuwa anasema kweli tupu, na kweli hiyo inafaa kuelezwa taratibu kwa sababu imewaumbua wengi kuanzia Maua hadi Embu. Faili ya Word, kwa kawaida, haibebi herufi. Inabeba majina ya herufi. Mtu anapoandika neno na kulivalisha fonti fulani, kilichohifadhiwa ni agizo: neno hili lionyeshwe kwa fonti yenye jina hili. Fonti yenyewe ni faili nyingine, inabaki kwenye kompyuta ya nyumbani, haipandi matatu kwenda mjini. Kompyuta ya saiba inaposoma agizo na kukosa fonti hiyo, haipigi kelele wala haikatai kazi. Inatafuta ndugu wa karibu.

Namna inavyomtafuta ndugu huyo inapendeza kuliko inavyostahili. Fonti nyingi hubeba ndani yake tarakimu 10 za mfumo uitwao PANOSE, na faili ya Word huzinakili tarakimu hizo pamoja na jina. Zinaeleza umbo: unene, uwiano, pembe. Tarakimu ya kwanza ndiyo ya ukoo. Ikiwa 2, hizo ni herufi za kawaida za kusomea vitabu. Ikiwa 3, ni herufi za mwandiko wa mkono. Ikiwa 4, ni za mapambo. Comic Sans inaanza na 3. Yaani, machoni pa mashine, mwandiko wa kalamu uliotulia kama wa wakili wa zamani na ule wa katuni ni mtu na nduguye, wa boma moja. Wanaotengeneza tovuti wanaijua balaa hii kwa jina jingine: wana agizo la kuomba herufi zozote za mwandiko wa mkono, na kwa miaka mingi vivinjari vya Windows vimelijibu kwa Comic Sans. Ukiiomba kompyuta ikupe mkono wowote wa binadamu, mkono inaokupa ni huo.

Mkono wenyewe una mwenyewe. Mwaka 1994, Vincent Connare, mchoraji wa herufi katika kampuni ya Microsoft, aliletewa programu ya kompyuta iliyokuwa bado inajaribiwa, jina lake Microsoft Bob. Ilikusudiwa watu wasiozoea kompyuta: skrini ilikuwa nyumba yenye vyumba, na mbwa wa katuni aitwaye Rover alikuwa mwenyeji akitoa maelekezo ndani ya kiputo cha maneno. Maneno ya mbwa yalikuwa kwa Times New Roman, fonti iliyotengenezewa gazeti la London miaka ya 1930. Connare akaona haiwezekani. Mbwa hazungumzi hivyo. Ofisini alikuwa na vitabu vya katuni, The Dark Knight Returns na Watchmen, akatazama jinsi maneno yalivyoandikwa kwa mkono ndani ya viputo, akaketi na kuchora zake kwenye skrini.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Aliyekulia na Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo, au anayefungua gazeti kuona Gado amemchora nani leo, anajua kwamba maneno ya kwenye kiputo yana sauti. Yakichapwa kwa herufi za taarifa ya habari, Juha anageuka katibu wa kata.

Comic Sans haikumfikia Rover. Herufi zake zilikuwa pana kuliko zile za Times New Roman, nafasi zilikuwa zimeshapimwa, na Bob akatoka Machi 1995 bila hizo. Hakumaliza hata mwaka mmoja na nusu sokoni. Bob akafa, sauti iliyochorewa mbwa wake ikabaki. Fonti ikapakiwa kwenye kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, kisha ikawa inakuja bure ndani ya kila kompyuta ya Windows, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuchagua umbo la herufi maishani mwao wakajikuta mbele ya orodha. Wengi wao walichagua iliyocheka.

Wataalamu wa uchapaji waliipinga kwa hasira ambayo kwa kawaida watu huiweka kwa ajili ya wanasiasa. Wanandoa wawili wa Indianapolis, Dave na Holly Combs, walianzisha kampeni ya kuipiga marufuku. Mwaka 2010 mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Cleveland, Dan Gilbert, aliandika barua kali ya kumlaani LeBron James kwa kuhama, akaiweka mtandaoni kwa Comic Sans, na dunia ikasahau hasira ikakumbuka herufi. Tarehe 4 Julai 2012, huko CERN karibu na Geneva, mwanafizikia Fabiola Gianotti alisimama kuonyesha ushahidi wa chembe ambayo wenzake walikuwa wameisubiri tangu miaka ya 1960, ile ya Higgs. Slaidi zake zilikuwa za Comic Sans. Kuna watu walioiona siri ya uzito wa maada ikifunuliwa mbele yao wakalalamikia fonti.

Mwandishi, kabla ya Jumamosi, angewacheka watu hao. Leo ana huruma nao kidogo.

Hata hivyo haki lazima itendeke, hata kwa adui. Comic Sans ina watetezi wenye hoja. Herufi yake ndogo ya "a" ni duara na mkia, kama mtoto anavyofundishwa kuiandika, wala si ile ya vitabuni yenye kofia. I kubwa ina vijiti juu na chini, kwa hiyo haichanganyiki na l ndogo wala na tarakimu 1. Chama cha disleksia cha Uingereza kimeitaja miongoni mwa fonti zinazoweza kuwafaa wasomaji wake. Mwalimu wa darasa la kwanza anayebandika "Osha mikono" juu ya bomba hajakosea chochote. Herufi hizo zinasema: usiogope, ni mimi tu. Shida inaanza pale ambapo kuogopa kidogo kunahitajika. Kuna ukuta mmoja uliobandikwa tangazo la "Mbwa Kali" kwa Comic Sans, lenye nyayo ndogo za mapambo pembeni, na watoto wa mtaa wanagonga geti kuuliza kama wanaweza kumshika. Na mtu ajaribu kuandika kwa fonti hiyo lile bango maarufu la Kenya linalosema shamba hili haliuzwi. Wanunuzi watapanga foleni.

Kuiga mkono kwa mashine ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na wanaojua kazi hiyo wanastahili heshima. Wakati wa herufi za risasi kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha metali, na ukitaka zishikane, mkia wa kila moja lazima uishie pale hasa ambapo inayofuata inaanzia, kwa kila jozi inayowezekana. Mfaransa Roger Excoffon alilitatua hilo mwaka 1953 kwa fonti aliyoichora kutokana na mwandiko wake mwenyewe, Mistral, iliyotoka kiwanda cha Fonderie Olive huko Marseille. Ukiipanga vizuri huoni kiungo hata ukitumia lenzi. Lakini hata Mistral ina aibu moja. Binadamu hawezi kuandika herufi moja mara mbili sawasawa. Fonti haiwezi kuiandika tofauti. Tazama "haleluya" kwenye bango lolote la mkutano wa injili: "l" mbili, "a" mbili, pacha kamili hadi kwenye kovu la wino. Jicho linaliona hilo kabla akili haijalieleza, na ndiyo maana bango linaloiga mkono lina kitu kisichoaminika, cha mtu anayetabasamu kwa muda mrefu mno. Fonti za siku hizi za mfumo wa OpenType hujaribu kudanganya kwa kubeba "a" tatu au nne na kuzipokeza zamu. Za bure hazijisumbui.

Na ya bure ndiyo iliyoharibu jalada.

Maana aibu ya Jumamosi ilikuwa na ghorofa ya pili. Kijana wa saiba, kwa moyo mwema, aliona jalada limekaa tupu, akalihamishia kwenye programu ya usanifu na kuliandika jina la marehemu upya kwa fonti ya brashi aliyoipakua mtandaoni. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mikwaruzo ya brashi, na mwisho wa kila mstari ulififia kama rangi iliyokaribia kwisha. Ila jina la ukoo la marehemu lina ũ mbili na ĩ moja, na mahali pa herufi hizo tatu palikuwa na visanduku vitupu.

Mtoto mmoja akauliza kama ni vya kuweka tiki. Mchungaji, aliyelisoma jina kutoka kwenye programu, akafika kwenye kisanduku cha kwanza akasita, akaruka, akafika cha pili, akaamua kumwita marehemu "ndugu yetu" hadi mwisho wa ibada. Kisha mzee wa safu ya mbele, mwanafunzi wa marehemu kutoka miaka ile ya chaki, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akaiweka programu juu ya goti, na ndani ya kisanduku cha kwanza akaandika ũ. Iliyonyooka, yenye kiwimbi chake juu, ndani ya mistari. Akajaza na vingine viwili. Jirani yake akaiomba kalamu. Ikapita safu nzima, watu wazima wameinama wakisahihisha jina la mwalimu wao kwenye karatasi ya kung'aa ambayo wino wake haukauki upesi, hadi vidole vikawa vyeusi.

Hapo mwandishi hakucheka, wala hachekeshwi sasa.

Kimeru kina irabu saba. Alfabeti ya Kirumi iliyoletwa na wamishonari ina alama tano za irabu. Pengo likajazwa kwa kiwimbi: i na ĩ, u na ũ, sauti tofauti, maneno tofauti. Waembu wanaandika hivyo, Wakikuyu na Wakamba vilevile. Ni mamilioni ya watu, na majina yao yamezoea kunyolewa. Kitambulisho hakina kiwimbi. Hati ya shamba haina. Magazeti makubwa ya nchi hii yalimwandika kwa miongo mtu aliyeitwa Ngugi, ilhali mwenyewe, kwenye majalada ya vitabu vyake, alikuwa Ngũgĩ. Alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ mwaka 1978, aliandika riwaya nzima ya Gĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ, kwenye karatasi za chooni. Kalamu na karatasi ya chooni viliweza ũ na ĩ bila shida yoyote. Kompyuta yenye kichakataji cha mabilioni ya hesabu kwa sekunde inatoa kisanduku.

Wala si kwamba herufi hizo hazipo. Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa namba kila herufi ya kila lugha, ilianza kuchapishwa mwaka 1991, na humo ĩ ina namba yake, 0129, na ũ ina yake, 0169. Viti vipo, vina majina. Anayekosekana ni mchoraji wa kuvikalia. Mtu anayetengeneza fonti ya brashi huchora herufi 26 za Kiingereza kubwa na ndogo, tarakimu, alama za mshangao, pengine moyo na ua, kisha anachoka. Herufi ambazo hakuzichora, programu nyingine huziazima kutoka fonti jirani, na jina linatoka na viraka. Nyingine haziazimi, zinaweka kisanduku. Mwaka 2010 taifa lilipitisha Katiba ambayo ibara yake ya 7 inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za watu wa Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Ni maneno mazuri. Yamechapwa vizuri pia. Lakini mtu anayezaliwa leo Imenti anaandikishwa kwa herufi za wageni, anasomeshwa kwazo, anapiga kura kwazo, na siku ya kuzikwa jalada linamwita kwa visanduku. Kumcheka kijana wa saiba ni rahisi. Yeye angalau alitaka jalada lipendeze.

Mtu pekee Gakoromone ambaye hana tatizo hili ni fundi wa mabango. Yupo mmoja anayefanya kazi chini ya mwavuli, kati ya wauza mitumba na ukuta wa kijani wa wakala wa M-Pesa, akiwaandikia wenye vinyozi, bucha na hoteli za chai. Anavuta uzi uliopakwa chaki juu ya bati, anauachia upige mstari, kisha anahesabu herufi za neno na kuanza na ya katikati ili maneno yasiishie kubanana ukingoni. Brashi yake ni bapa. Anaizungusha vidoleni anapofika kwenye kona, bila kuinyanyua, na mviringo wa "o" unatoka kwa mikupuo miwili. Kivuli anakipaka mwisho, daima upande wa kulia chini, kana kwamba jua la Meru halisogei. Herufi zake zinayumba kidogo, zinacheka kidogo; ndizo ambazo fonti zote hizi zinajitahidi kuwa. Mwandishi alimkuta akimalizia ũ ya jina la mwenye bucha. Anatoza kwa herufi, kwa hiyo aliulizwa kama kiwimbi kinahesabiwa.

"Hiyo ya juu ni bure, boss," alisema, akakipiga kwa mkupuo mmoja.

Mikasa mingine ya mwandishi na herufi za kuiga mkono haihitaji aya. Kadi za mchango wa harusi za binamu zilisomeka "Karibu tuchinje" badala ya "tuchange", na mbuzi wawili wakaletwa. Fulana za kwaya zilikuwa na fonti iliyoshikana kiasi kwamba hakuna anayejua mpaka leo jina la kwaya. Risiti ya duka fulani ilitoka kwa mwandiko wa mahaba na mhasibu akaikataa.

Kwa hiyo, kwa yeyote ambaye kamati itamkabidhi programu wiki ijayo, iwe Chogoria, Runyenjes au hapa Gakoromone, huu hapa ujuzi ambao ukoo mmoja umeugharamia. Kivietinamu, lugha ya watu wapatao milioni 100, nacho kinaandikwa kwa ĩ na ũ, ingawa kwa Wavietinamu kiwimbi hicho ni cha toni. Wavietinamu ni wateja wakubwa, na wachoraji wa fonti huwakumbuka. Ukiingia Google Fonts, chagua fonti zinazobeba Kivietinamu, nawe umepata za kuandikia Kimeru. Patrick Hand ina mwandiko wa kawaida wa mkono, Dancing Script imeshikana, Pacifico ni nene ya brashi; zote zina ũ na ĩ, na zote ni za bure. Kabla ya kuipenda fonti yoyote, andika nayo kwanza Ũ ũ Ĩ ĩ na utazame. Kisha usipeleke saiba faili ya Word. Hifadhi kama PDF, kwa sababu PDF hubeba herufi zenyewe ndani yake na kompyuta ya ugenini hailazimiki kutafuta ndugu. Kaa mbele ya mashine mpaka nakala ya kwanza itoke, isome jina lote kwa kidole, na ukipigiwa simu na mtu wa jeneza, mwambie asubiri.